Nipe Mji: Manung'uniko Yaliyounda Michezo ya Mafumbo

Mwaka 1999 kampuni ya Sierra ya Marekani ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Gabriel Knight 3, hadithi ya upelelezi inayotokea katika kijiji cha Rennes-le-Château, kusini mwa Ufaransa. Mapema katika hadithi hiyo shujaa anataka kukodi pikipiki, na ili aipate inambidi ajifanye Mosely, rafiki yake. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mchezaji anatakiwa abandike utepe wa kunata kwenye tundu la mlango wa banda, amrushie paka maji ili apite mbio tunduni, achukue manyoya yaliyonasa kwenye utepe, kisha ayagandishe juu ya mdomo kwa asali ya mti iwe ndiyo gundi. Naam, masharubu ya manyoya ya paka. Kilichowatia watu wazimu ni kwamba Mosely mwenyewe hana masharubu. Gabriel anaiba pasipoti yake na kuichora masharubu kwa kalamu nyeusi, ili picha ifanane na uongo.

Wachezaji walicheka, wakalaani, na zaidi ya miaka 20 baadaye bado wanasimuliana.

Nyuma ya kicheko hicho kuna swali la zamani: mtega fumbo ana wajibu gani kwa anayemtegea? Barazani, Waswahili walikwisha kulipatia utaratibu. Mtu akisema "Kitendawili", wenzake hujibu "Tega", na wakishindwa hawapewi jibu bure. Humpa mtegaji mji. Yeye huukubali, au huukataa na kudai mkubwa zaidi, hujisifu kidogo kwa safari yake ya huko, ndipo afumbue. Kushindwa kuna bei inayojulikana, na jibu lisipoingia akilini wasikilizaji hupiga kelele. Michezo ya kompyuta yenye hadithi na mafumbo ilianza bila utaratibu wowote wa namna hiyo. Aliyekwama alikwama. Mji wa kumpa mtegaji ulipatikana polepole, kwa barua, simu, fedha na matusi ya wachezaji, na katika kuutafuta walibadili jinsi michezo yenyewe inavyotungwa.

Mwanzo ulikuwa pangoni, na pango lilikuwa la kweli. Will Crowther alikuwa mwandishi wa programu katika kampuni ya BBN, Massachusetts, mmoja wa waliojenga mtandao wa ARPANET uliokuja kuzaa intaneti. Yeye na mkewe Patricia walipenda kuchunguza mapango. Mwaka 1972 Patricia alikuwamo katika msafara uliothibitisha kwamba mapango ya Flint Ridge, Kentucky, yanaungana na Mammoth Cave. Ndoa ilipovunjika, Crowther aliandika mchezo ambao binti zake wangeucheza wanapomtembelea. Ulikamilika mwaka 1976 na kuitwa Adventure: maneno matupu kwenye skrini, bila picha hata moja. Mchezaji anasoma mahali alipo, anaandika amri ya neno moja au mawili, na pango linamjibu.

Mwaka uliofuata Don Woods, aliyekuwa akisoma Stanford, aliukuta mchezo huo na kutaka kuupanua. Kwa kuwa hakumjua mtunzi aliko, alituma ujumbe kwa mtu aitwaye Crowther katika kila kompyuta ya mtandao ule, akampata. Toleo la Woods lina alama 350, na alama moja ya mwisho ilikuwa mateso. Ili kuipata ilibidi gazeti liitwalo Spelunker Today liachwe katika chumba cha Witt's End. Hakuna kitu katika hadithi kinachodokeza hivyo, na wapo walioipata kwa kufungua programu yenyewe na kusoma ndani. Kwa maneno mengine, waliacha kucheza wakaanza upelelezi mwingine. Fumbo ambalo hata ukipewa jibu huoni kwa nini liwe hivyo: malalamiko ya aina hiyo hayajawahi kukoma tangu siku zile.

Vijana wa MIT walioucheza Adventure wakasema wanaweza kufanya vizuri zaidi. Kazi yao, Zork, iliandikwa kuanzia mwaka 1977 kwenye kompyuta kubwa ya chuo, na mwaka 1979 baadhi yao wakashiriki kuanzisha kampuni ya Infocom, ambayo baadaye iliiuza kwa watu wenye kompyuta za nyumbani. Ilipofika madukani, tatizo jipya likajitokeza. Chuoni, aliyekwama alimwuliza jirani yake. Aliyekwama sebuleni kwake hakuwa na jirani anayejua, akaandika barua kwa kampuni.

Barua zikawa nyingi. Mike Dornbrook, aliyekuwa mjaribu mchezo wa awali, ndiye aliyeona kwamba zile barua ni biashara. Alianzisha chama cha watumiaji wa Zork, akawa anauza ramani na vidokezo kwa posta, na kutokana na kazi hiyo vikazaliwa vitabu vya InvisiClues. Maswali yaliandikwa kwa wino wa kawaida na majibu kwa wino usioonekana. Msomaji alipitisha kalamu maalumu na maneno yakajitokeza. Jibu halikuja lote kwa mara moja. La kwanza lilimsukuma mtu kidogo tu, la pili likamsogeza, la mwisho likamwambia wazi. Waandishi walichanganya humo maswali ya uongo kuhusu mambo yasiyokuwamo kabisa katika mchezo, ili anayepekua asijue ya mbele kwa kusoma maswali peke yake. Kati ya yote ambayo Infocom iliyatengeneza, huenda hiki kilikuwa kitu cha busara kuliko vyote, maana kilikiri kwamba anayekwama hataki jibu. Anataka kuendelea kufikiri bila kukata tamaa.

Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotoa, mwaka 1984, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, uliotungwa na Steve Meretzky pamoja na mwandishi wa kitabu chenyewe, Douglas Adams. Humo mchezaji lazima apate samaki wa kuingiza sikioni ili aelewe lugha za viumbe wa angani. Samaki hutoka kwenye mashine, na kila anapotoka hupotea kwa njia mpya: kwanza anapenya tundu la ukuta, ukiliziba anatumbukia kwenye mfereji wa sakafuni, ukiufunika anadakwa na mtambo wa usafi. Mashine ina samaki wachache, na asiyebeba bahasha za matangazo tangu sehemu ya kwanza ya mchezo hawezi kumpata kamwe, ingawa hakuna anayemwonya. Wachezaji walilalamika sana. Infocom ikatengeneza fulana za kutangaza kwamba aliyeivaa amempata samaki, na fulana zikanunuliwa. Waliolalamika na walionunua fulana walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu walewale.

Picha ziliingia kupitia mlango mwingine. Roberta Williams, mama wa nyumbani huko California, aliuzoea mno mchezo wa Adventure, akabuni wake, na mumewe Ken akauandikia programu. Mystery House ya mwaka 1980 ilikuwa na michoro ya mistari tu, ya kitoto hasa, lakini ilionekana kwa macho na hilo lilitosha. Kampuni yao ndiyo iliyokuja kuitwa Sierra, na King's Quest ya mwaka 1984 ikaipa jina kubwa.

Sierra ilipendwa na kuchukiwa kwa kiwango kimoja. Katika King's Quest ya kwanza yupo kibete ambaye jina lake lazima likisiwe. Aliyesoma hadithi za Ulaya anakisia Rumpelstiltskin na kukosea; aliyejaribu kuliandika kinyumenyume anakosea pia. Ilitakiwa kila herufi ibadilishwe kwa alfabeti iliyogeuzwa, Z mahali pa A na kuendelea. Kidokezo pekee kilikuwa kijikaratasi kinachosema kwamba wakati mwingine ni busara kufikiri kinyume. Hilo angalau ni fumbo. King's Quest V, ya mwaka 1990, ilikuwa na jambo baya zaidi: njiani paka anamfukuza panya, na mchezaji ana sekunde chache za kumrushia paka kiatu. Asipofanya hivyo, mchezo unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Baadaye sana anafungwa kamba katika chumba cha chini cha nyumba ya wageni. Panya aliyeokolewa angekuja kuzitafuna kamba, aliyeliwa hawezi. Kosa lilifanyika saa kadhaa zilizopita, na hakuna dawa isipokuwa kurudi nyuma kwenye nakala iliyohifadhiwa, kama ipo.

Wakati huohuo Sierra iliuza vitabu vya vidokezo na kuendesha laini ya simu iliyotoza kwa dakika. Wachezaji wakanusa hila: anayeuza fumbo na jibu lake ana sababu gani ya kulainisha fumbo? Tuhuma hiyo haikuwa na haki kabisa. Watunzi wa siku hizo waliamini kwa dhati kwamba mchezo usioweza kukukwamisha ni mchezo mfupi, na mteja aliyelipa bei kubwa alitaka umtoshe miezi. Lakini mji uliokuwa wa mchezo barazani, hapa ulikuwa bili ya simu mwisho wa mwezi.

Jibu lilitoka kwa mpinzani. Ron Gilbert wa kampuni ya George Lucas, ambaye pamoja na Gary Winnick alitunga Maniac Mansion mwaka 1987, aliandika mwaka 1989 makala ya kusema wazi kwa nini michezo ya aina hii inaudhi. Alitaka mchezaji asilazimike kufa ili ajue kwamba mahali fulani ni pa hatari. Alitaka kitu kilichosahaulika mwanzoni kisimfungie njia mtu mwishoni. Zaidi ya hayo alitaka fumbo lisukume hadithi mbele: mtu aone mlango uliofungwa kwanza ndipo autafute ufunguo, asiokote ufunguo barabarani na kuzunguka nao dunia nzima akisubiri mlango. Ni malalamiko ya mchezaji yaliyoandikwa na mtunzi, na mtunzi huyo alijua kwamba mchezo wake mwenyewe, Maniac Mansion, ulikuwa na makosa kadhaa kati ya hayo.

The Secret of Monkey Island ulitoka mwaka 1990 ukiwa umefuata kanuni hizo, tena kwa dharau ya kuchekesha. Shujaa, kijana anayetaka kuwa haramia, anaporomoka kutoka ukingo wa jabali. Linatokea dirisha la kutangaza kifo, nakala halisi ya yale ya Sierra. Kisha anarushwa juu akarudi alipokuwa, kwa sababu chini kuna mti wa mpira. Kufa kweli kunawezekana kwa namna moja tu. Kijana hujigamba kwamba anaweza kubana pumzi kwa dakika kumi. Mchezaji akimwacha chini ya maji zaidi ya hapo, anakufa.

Kisha ikaja Myst, Septemba 1993, na wachezaji wakagawanyika kambi mbili ambazo hazijapatana hadi leo.

Rand na Robyn Miller, ndugu, watoto wa mhubiri, walikuwa wakitengeneza michezo ya watoto katika kampuni yao ndogo ya Cyan, karibu na Spokane, jimbo la Washington. Kampuni ya Kijapani ya Sunsoft iliwapa fedha watunge kitu cha watu wazima, na Brøderbund ikawa mchapishaji. Kwa kutumia kompyuta za Macintosh walichora picha takriban 2,500 za kisiwa kisicho na watu. Mchezaji anabofya, picha inabadilika, amesogea hatua. Hakuna adui, hakuna kifo, hakuna mkoba wa kujazia vitu. Ipo maktaba yenye vitabu vilivyoungua, ipo mitambo iliyonyamaza, na wapo ndugu wawili, Sirrus na Achenar, kila mmoja amefungwa ndani ya kitabu, kila mmoja anamsingizia mwenzake na kumsihi mchezaji amletee kurasa za kumkomboa. Akimwamini yeyote kati yao, mchezaji ndiye anayebaki kifungoni. Robyn aliigiza Sirrus, Rand akaigiza Achenar. Ndani ya boksi kulikuwa na daftari tupu, kwa kuwa ilieleweka kwamba mtu ataandika na kuchora.

Mchezo huo uliuza zaidi ya nakala milioni 6, na hadi The Sims ilipoupita mwaka 2002 hapakuwa na mchezo wa kompyuta uliouzwa zaidi yake. Wengi walionunua hawakuwa wachezaji kabisa. Walikuwa na kompyuta mpya yenye tundu la diski za CD na walitaka kuona inaweza nini. Wakakaa kitandani na mwenza au mezani na watoto, wakibishana kuhusu saa na mnara. Kwao Myst ilikuwa kama kuingia ndani ya kitabu. Kwa wazoefu ilikuwa onyesho la slaidi: picha nzuri zisizosogea, mahali pasipo mtu wa kuzungumza naye, na mafumbo ya swichi na mabomba ambayo mtu angeweza kuyahamishia kiwandani bila hadithi kupungukiwa na kitu.

Ukiwasikiliza wazoefu kwa makini, baadhi ya hoja zao zina uzito. Katika mojawapo ya dunia zinazofikiwa kutoka kisiwani kuna njia za reli chini ya ardhi, na katika kila njia panda mlio fulani hueleza uelekee upande gani. Maana ya milio hiyo hufunzwa katika dunia nyingine, kwenye ngome inayozunguka. Lakini mchezaji yuko huru kuanza na dunia yoyote. Aliyeanza na reli alipewa mtihani kabla ya somo. Fumbo jingine lilidai mtu asikilize noti za kinanda na kuzipata upya kwa sikio, na asiye na sikio la muziki angeweza kukaa pale usiku kucha. Dhihaka nayo haikukosa. Mwaka 1996 Peter Bergman alitoa Pyst, mzaha wa mchezo huo, ambamo kisiwa kimejaa takataka na maandishi ya ukutani baada ya kukanyagwa na wageni mamilioni, na mwigizaji John Goodman anakuwa mfalme wake.

Ndugu wa Cyan walijibu kwa Riven, mwaka 1997, diski tano za CD. Hapa mtu anaona kwamba manung'uniko yalisikika. Katika kisiwa kimoja kuna darasa la watoto, na ndani yake kifaa cha kuchezea: sanamu ya mtu inaning'inia juu ya mdomo wa mnyama mkubwa wa baharini, na kila nambari inayojitokeza huishusha hatua kadhaa kuelekea menoni. Mchezaji anajifunza kuhesabu kwa tarakimu za watu wa pale. Papo hapo anaelewa jinsi mtawala wa visiwa hivyo anavyowafunza watoto hesabu na woga kwa somo moja. Hakuna anayehitaji kuuliza fumbo hilo linahusiana vipi na hadithi. Kifaa kile kidogo kinazidi kila kitu kilichomo katika Myst, ingawa Riven nayo ilikuwa na ubao wa matundu 625 wa kupangia gololi za rangi ambao uliwafanya watu wengi wafungue kitabu cha majibu.

Kufikia hapo soko lilikuwa limehama. Doom ilitoka miezi michache baada ya Myst, na vijana wakataka kukimbia na kufyatua. Grim Fandango ya Tim Schafer, mwaka 1998, ilisifiwa na wakosoaji na kuuzwa kidogo. Februari 1999 Sierra ilifunga ofisi zake za Oakhurst ilikokulia. Ndipo, mwaka 2000, mkosoaji Erik Wolpaw akaandika uchambuzi mkali wa fumbo la masharubu ya paka, hatua kwa hatua, na kutoa hukumu: michezo hii haikuuawa na mtu, ilijiua. Ilikuwa dhihaka kali, na haikuwa sahihi kabisa, maana fedha na ladha ya soko vilichangia pia. Hata hivyo Wolpaw mwenyewe aliajiriwa na kampuni ya michezo ya Valve, akashiriki kuandika Portal ya mwaka 2007: chumba kimoja baada ya kingine cha mafumbo, sauti moja ya mashine yenye kejeli, na hakuna hatua ambayo mchezaji hajafundishwa kwanza. Si wakosoaji wengi wanaopata nafasi ya kuonyesha walichokuwa wakikidai.

Wapenzi wa zamani hawakutoweka. Mwaka 2012 Schafer aliomba michango ya dola 400,000 kutoka kwa umma ili atunge mchezo wa mtindo wa kale, akapata zaidi ya milioni 3.3 kutoka kwa watu wapatao 87,000. Sehemu ya kwanza ya Broken Age, mwaka 2014, ikaambiwa ni rahisi mno. Ya pili, mwaka 2015, ikafanywa ngumu, ikaambiwa ni ngumu mno.

Waliofanikiwa zaidi waliacha kubishana kuhusu ugumu, wakatafuta namna ya kumthibitishia mchezaji kwamba yuko njiani. Return of the Obra Dinn ya Lucas Pope, mwaka 2018, inampa kazi ya kutambua watu 60 wa merikebu moja na yaliyowapata, na inathibitisha majibu matatu matatu tu: anayebahatisha hapati kitu, anayefikiri hapotei muda mrefu. Outer Wilds ya mwaka 2019 inaiweka dunia yake katika mzunguko wa dakika 22, na mchezaji anabaki na maarifa peke yake. Wenye Myst wanaikumbuka hali hiyo: ile nayo anayeujua mwisho wake anaweza kuufikia kwa dakika chache.

Gilbert alirudi mwaka 2022 na Return to Monkey Island. Ndani ya mchezo kuna kitabu cha vidokezo, bure, kinachotoa msaada kidogo kidogo kwa mtindo uleule wa wino usioonekana. Kwa hiyo ugomvi wa kukwama ulikwisha. Wachezaji wakagombania mtindo wa michoro kabla mchezo haujatoka, kwa ukali uliomfanya Gilbert aache kuujadili hadharani, na ulipotoka wakagombania mwisho wa hadithi.

Cyan nayo ilitengeneza upya michezo yake. Myst mpya inamruhusu mchezaji kuchagua majibu ya mafumbo yabadilike kila anapoanza, na Riven ya mwaka 2024 imebadili mafumbo kadhaa moja kwa moja. Wapo wakongwe waliofurahi kupotea tena mahali wanapopajua. Wapo pia walioona wameporwa, kwa sababu walikuwa wamejiandaa kumwonyesha mtoto wao njia.